Mgeni Haonyeshwi Mizinga

Kagwiria alikuwa amechoka kabla hata hajafungua mlango wa ofisi. Si uchovu wa kazi, maana alilelewa Nkubu kwenye mashamba ya kahawa, na kazi aliijua tangu akiwa mtoto wa kubeba debe. Ulikuwa uchovu wa kueleza. Tangu ahamie Embu na kompyuta zake mbili alikuwa amewaelezea watu habari za intaneti mpaka ulimi ukamkauka: karani wa kanisa, mwenye hoteli, mwalimu mkuu wa hapa na wa pale. Wote waliitikia kwa kichwa, wakaenda zao, na wiki iliyofuata wakarudi kuuliza lile lile. Mwaka ule wa tisini na tisa watu walikuwa wamesikia kwamba kuna kitu kinaitwa websaiti, na kwamba ukiwa nacho wanunuzi wa ng'ambo watakutafuta wenyewe ukiwa umelala. Aliyewaambia hivyo, Kagwiria alikuwa na maneno naye.

Asubuhi hiyo aliyemsubiri ni Ngari, katibu wa chama cha wafuga nyuki wa Gachoka, kule Mbeere. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, kofia magotini, kama mtu aliyeambiwa angoje nje ya wodi.

"Madamu, kuna mtu ameandika?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Ngari, hakuna."

Akainuka taratibu, akamfuata ndani, akakaa kwenye kiti kile kile alichokalia kila alipokuja. Kagwiria alimhurumia, na huruma nayo inachosha.

Mambo yalikuwa hivi. Kwa miaka mingi asali ya Gachoka ilichukuliwa na Muthamia, mchuuzi wa kutoka Meru, aliyekuja na lori lake na bei yake, na bei ile haikuwa na majadiliano. Mwaka uliotangulia Ngari alisimama mkutanoni akawaambia wenzake waachane na Muthamia. Alisema watatengenezewa websaiti, dunia iione asali ya Mbeere, na wanunuzi wataandika. Alikuwa na maneno matamu siku hiyo, wakamwamini. Kijana mmoja, Mutuma, akaitengeneza. Tangu hapo mapipa yalikuwa ghalani, asali inaganda, na hakuna aliyeandika. Sasa mvua nayo ilikuwa imekataa, mahindi yamekauka yakiwa hayajafika magotini, na watu walitaka kula. Jumamosi chama kingekutana kwa mambo mawili: kumrudia Muthamia, na kumwondoa Ngari kwa sababu ni mwongo.

"Wangesema nimeiba ningewaonyesha risiti," Ngari alisema. "Wanasema nilidanganya. Sasa uongo una risiti gani? Mke wangu akienda mtoni wenzake wananyamaza. Yeye anachota maji anarudi, hasemi kitu. Nikimwangalia najua."

Kagwiria alivuta kiti chake. Aliwasha kompyuta.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuipima ile tovuti ajue inaugua nini, na alikuwa amekwisha kuitibu mara moja. Alikuta maneno yote yamechorwa ndani ya picha. Mutuma alitaka herufi za kupendeza. Lakini mitambo ya kutafuta, ile inayozunguka duniani ikisoma kurasa ili mtu akiuliza aelekezwe pa kwenda, husoma maandishi, haitazami picha. Alikuta pia kwamba ukurasa haukuwa na jina juu. Alivirekebisha vyote, akamwambia Ngari avute subira. Mvumilivu hula mbivu. Wakavumilia, na hakuna kilichoiva.

Modemu ikalia kilio chake, ikakata, ikalia tena, ikashika. Kagwiria akaandika anwani ya tovuti. Ikafunguka polepole, mstari kwa mstari: mzinga, kisha pipa la asali, kisha Mzee Munyi, mwenyekiti wa chama, amevaa koti la Jumapili na ameshika bakora. Kisha akaenda kwenye mtambo wa kutafuta, akaandika kwa Kiingereza asali, Mbeere, Kenya. Akaletewa mtu wa Kanada aliyefuga nyuki kwa kujifurahisha baada ya kustaafu. Akajaribu mtambo mwingine. Huo haukuleta hata huyo wa Kanada.

"Lakini inafunguka!" Ngari alinyoosha mkono kwenye skrini. "Kila nikija hapa inafunguka. Na Mzee anaonekana vizuri."

"Inafunguka kwa sababu sisi tunajua njia. Asiyejua njia..."

Hapo Kagwiria akanyamaza, maana alijisikia akisema jambo ambalo angepaswa kulifikiria wiki nyingi zilizopita. Kuna faili moja ndogo ambayo huwekwa mlangoni mwa tovuti. Mitambo ya kutafuta ikifika huisoma kwanza, kama mgeni anavyozungumza na bawabu kabla ya kuingia kwa mwenyewe. Hakuwahi kuiangalia, kwa kuwa hakudhani kuna mtu huku wa kujisumbua kuiweka. Akaiita. Ikaja. Ilikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza ulisema maneno haya yanahusu mitambo yote. Wa pili ulisema isiingie popote.

Alikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Alijikasirikia mwenyewe kwanza: alikuwa amempima mgonjwa damu na mkojo, naye mgonjwa amevunjika mguu. Hasira iliyobaki ilimwendea Mutuma.

"Kuna mtu amewawekea bawabu mlangoni," alimwambia Ngari. "Anayeijua nyumba anapita. Mgeni yeyote anafukuzwa. Mwaka mzima wageni wamekuja, wamefukuzwa, wamekwenda zao."

Alitarajia Ngari aruke kwa furaha, au atukane. Ngari aligeuza kofia yake mikononi, akaiangalia ndani kama aliyepoteza kitu humo.

Mutuma alikuwa amepata kazi ya ualimu Karurumo, na Kagwiria akamfuata huko siku hiyo hiyo. Alimkuta nje ya ofisi ya walimu na rundo la madaftari. Kijana alicheka alipoulizwa, halafu akaona uso wa aliyeuliza, akaacha kucheka.

"Dada, hiyo si makosa. Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na Mzee Munyi. Alikuja wakati nimemaliza kila kitu, akakaa karibu na mimi, akauliza, 'Mtu asiyetujua anaweza kuingia hapa aone mizinga yetu?' Nikamwambia ndio, Mzee, hiyo ndiyo maana yake, kuna mashini itamwonyesha njia. Akasema, 'Basi funga. Kwetu mgeni haonyeshwi mizinga.' Sasa mimi ni nani nibishane na mzee wa watu? Nikafunga. Nilijua atarudi kuniambia nifungue. Hakurudi, na mimi nikaitwa huku."

Kagwiria aliwahi kusikia desturi hiyo. Kule Mbeere mizinga hutundikwa kwenye miti porini, kila mmoja na alama ya mwenyewe, na njia ya kuifikia ni siri ya mwenye nyuki. Mgeni atapewa asali, atapewa pombe ya muratina, atalala kwako wiki nzima, lakini kwenye mti humpeleki. Mzee hakuwa mjinga wala hakuwa na hila. Alifanya alichofanya babake, akakifanya mahali ambapo desturi ile ilikuwa sumu. Kagwiria alitamani awe na mtu wa kumchukia, ingempunguzia uchovu.

Kesho yake alimweleza Ngari, na Ngari hakushtuka.

"Nilijua jana. Uliposema mlango umefungwa nilijua ni yeye."

"Basi Jumamosi sema."

"Madamu, Mzee Munyi ni baba mkwe wangu. Nimeoa bintiye. Mimi nisimame mbele ya watu nimnyooshee kidole? Wacha waniite mwongo." Akaweka kofia kichwani. "Funika kombe mwanaharamu apite. Toa hiyo mistari, sema ilikuwa shida ya simu."

"Wakisikia shida ya simu watauliza nani aliwaletea mambo ya simu. Ni wewe tena."

"Najua."

Kagwiria aliifuta ile mistari miwili Ngari akiwa anatazama. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kisha ikambidi amwambie lililobaki, kwamba mitambo ile haiitwi, huja ikitaka, na pengine mvua za masika zingeitangulia. Ngari alicheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe, akaenda zake.

Jumamosi Kagwiria angeweza kubaki nyumbani, mtaani Majimbo mjini Embu, aloweke miguu kwenye maji ya moto na kusahau nyuki. Hakuna aliyemwalika Gachoka. Alijipigia kelele mwenyewe akivaa viatu, akaenda.

Alikuta wanachama wameketi mbele ya ghala, na lori la Muthamia limekwisha kuegeshwa kivulini. Mwenyewe alikuwa ameegemea mlango wa lori akinywa soda bila haraka, mtu ambaye muda wote alijua wangemrudia. Mzee Munyi alikuwa kwenye kiti cha mbele na bakora yake. Ngari alikuwa amekaa pembeni, na pande zake zote mbili palikuwa wazi.

Wambeti, mwekahazina, mama wa sauti kubwa, ndiye aliyemwona Kagwiria kwanza. "Wewe si ndiye daktari wa ile websaiti? Hebu tuambie, imekufa ama iko hai?"

Watu wakacheka.

"Iko hai," Kagwiria alisema. "Ilikuwa imefungwa kwa ndani. Anayetafuta asali hakuweza kuiona. Ninyi mliiona kwa sababu ni yenu. Ngari hakuwadanganya. Alichowaambia kingefanya kazi kama mlango ungekuwa wazi."

Vicheko vikakatika. "Nani alifunga?" Wambeti akauliza.

Kagwiria aliangalia viatu vyake, vyekundu kwa vumbi. Hakumwangalia Mzee. "Aliyefunga hakuwa na nia mbaya. Alikuwa analinda mizinga, kama ilivyolindwa siku zote. Mgeni haonyeshwi njia. Lakini mnunuzi naye ni mgeni. Hakuna jina lingine la kumwita."

Nyuma ya ghala kuku alisikika akichakura.

"Ngari," Wambeti alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua, "ni wewe ulifunga?"

Ngari akasimama. Akavua kofia.

"Ni mimi," akasema.

Kagwiria alitaka kupiga kelele. Alifungua kinywa, lakini macho ya Ngari yalimwomba, akakifunga. Palikuwa na minong'ono, mtu mmoja akatema mate pembeni, na Muthamia akaweka chupa ya soda chini aone vizuri. Ngari alibaki amesimama, mikono kwenye kofia, akisubiri waseme walichokuja kusema.

"Keti, Ngari."

Alikuwa Mzee Munyi. Alijiinua kwa bakora, ikamchukua muda, na hakuna aliyemsaidia kwa kuwa hakuna aliyeelewa anachotaka.

"Huyu hakufunga kitu. Nilifunga mimi. Nilimwambia kijana wa kompyuta, funga, naye akafunga. Halafu nimekaa kwenye kiti hiki mwaka mzima nikiuliza wageni wako wapi." Aliegemea bakora. "Watu wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilimzuia mgeni, na mkwe wangu nikamwacha ale aibu yangu. Sikujua. Lakini sikuuliza pia."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Si kawaida mzee wa rika lile kusema hivyo mbele ya wake za watu. Wambeti alijifunga leso upya ingawa haikuwa imelegea.

Muthamia ndiye aliyesema kwanza, maana biashara haina haya. "Sasa nipakie ama nisipakie?"

Wote wakamgeukia Kagwiria. Angeweza kuwapa tumaini, nao wangelichukua kwa mikono miwili. Akawaambia ukweli: mlango uko wazi sasa, ila wageni watafika lini hajui, pengine mvua itawatangulia. Wakatazamana. Nyumbani kulikuwa na watoto na sufuria tupu. Wambeti akamwonyesha Muthamia mlango wa ghala kwa kidevu, na vijana wakaanza kuvingirisha mapipa. Habari ya kumwondoa Ngari haikutajwa tena. Haikufutwa wala kupigiwa kura, iliachwa tu pale mavumbini.

"Langu liacheni," Mzee Munyi alisema walipofika kwenye pipa lenye alama yake. Wakaliacha, peke yake katikati ya ghala.

Lori lilipokwisha kuondoka, Mzee alimwashiria Kagwiria kwa bakora. "Binti yangu, njoo. Na wewe, Ngari."

Wakamfuata. Waliacha nyumba, wakaacha mashamba yaliyokauka, wakaingia kwenye vichaka vya miiba. Kagwiria alikuwa na malengelenge visiginoni na hakuwa na hamu ya kuona kitu chochote duniani isipokuwa kitanda chake. Alidhani Mzee anawapeleka mbali na watu ili awakemee. Mbele yake alimwona Ngari akipunguza mwendo, kisha akasita kabisa.

"Baba, wacha mimi ningoje hapa."

"Nimekwambia njoo."

Mzee alisimama chini ya mgunga mkubwa. Juu, kwenye matawi, mizinga ilining'inia, ya zamani na mipya, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwa mngurumo wa chini. Kila mzinga ulikuwa na alama ile ile iliyokuwa kwenye pipa. Kagwiria aligeuka kumwuliza Ngari jambo, akaona ameinamisha kichwa, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Ndipo alipoelewa. Miaka yote aliyokuwa ameoa katika nyumba ile, Ngari alikuwa hajawahi kuletwa hapa.

"Mimi macho yameanza kufa," Mzee Munyi alisema, akiiangalia mizinga yake wala si wao. "Huyo mgeni wa kompyuta akija akanikosa, ninyi ndio mtamleta."

Kagwiria alikaa chini, akavua viatu. Ngari akafuta uso kwa kofia, akasema, "Ndio, Baba."