Viazi vya Kocha Purvis

Bi Gertie Nowak anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema Jumapili jioni, Wahunzi, timu ya mji, walipokuwa wametoka kufungwa tena nyumbani, gari jeusi la Mzee Brandt liliingia taratibu Mtaa wa Linden, likasimama mbele ya nyumba ya kocha. Mzee mwenyewe, mwenye timu, akashuka, akaingia ndani bila kuvua kofia. Hakukaa hata muda wa kahawa kupoa. Akatoka, akaondoka. Kisha, na hapo Bi Gertie huwa anashusha sauti na kukushika mkono, Kocha Purvis akatoka kwa mlango wa nyuma amekumbatia boksi, macho mekundu kama nyanya, akasimama kwenye theluji analiangalia hilo boksi kama mtu aliyebeba maiti ya mwanawe.

"Boksi, Lorraine," alimwambia mama yake Renata, jirani wa kocha, kwenye simu. "Unanisikia? Mtu wa ofisini akifukuzwa anatoka na nini? Anatoka na boksi."

Kufikia Jumatatu mchana, mtaa mzima ulikuwa unamenya viazi.

Port Kessel mtu akifiwa hapiki. Majirani humpelekea trei ya viazi vya kukuna, vimechanganywa na jibini na krimu, juu vimemwagiwa konfleksi za kuponda na siagi, vikaokwa mpaka vikashika ukoko. Hivyo ndivyo viazi vya msiba. Na kwa kuwa nyumba ile ya Mtaa wa Linden ni ya timu, na kila kocha mkuu huwekwa humo akija na kutolewa humo akifukuzwa, mtaa ulishaamua siku nyingi kwamba kocha kufukuzwa ni kufiwa. Aliyeanza ni bibi yake Renata. Kocha Tillery, yule mwenye sanamu pale uwanjani, aliyeleta kombe la pekee ambalo Wahunzi wamewahi kuligusa, alifukuzwa naye kama wengine, akakaa kwenye ngazi analia. Bibi hakujua amwambie nini mwanaume mkubwa namna ile. Akamletea viazi.

Renata Kubiak amezaliwa nyumba iliyo ubavuni mwa hiyo ya kocha, akakulia hapo hapo. Historia ya makocha wa Wahunzi hakuisoma mahali. Aliitazama kupitia dirisha la jikoni. Alimwona Kocha Farnsworth akila trei nzima amesimama bustanini na koti lake, kisha akauliza kwa sauti ni vya nani hivi, havina chumvi. Alimwona Kocha Oakes akimfungia mama mlango usoni: "Sijafukuzwa mimi, mama, nenda na viazi vyako." Kufikia Alhamisi ya wiki ile ile alikuwa ameshaondoka. Alimwona Kocha Hooper, ambaye lori la fanicha zake lilifika kutoka Texas siku ile ile aliyofukuzwa. Dereva hakuzima hata injini. Alipewa sahani yake ya viazi, akageuza.

Halafu kulikuwa na Kocha Carbone. Huyo alikuwa na binti, Gina, wa umri wa Renata, na kipindi kizima cha baridi walijenga ngome ya theluji kwenye mpaka wa nyua zao mbili, mlango mmoja huku na mmoja kule. Gina aliondoka kwenye kiti cha nyuma cha gari, trei ya mama yake Renata imewekwa mapajani, bado ya moto. Makocha huondoka na trei, ndiyo maana vyombo vya Port Kessel vimetawanyika nchi nzima, kila kimoja kimebandikwa utepe chini wenye jina la mwenyewe. Ngome ilibaki mpaka jua lilipoiyeyusha.

Baada ya hapo Renata aliapa. Watu wa nyumba ile ni habari za asubuhi na basi. Aliishika ahadi hiyo akakua nayo, makocha wakaja wakapita, mpaka Odessa, mke wa Kocha Purvis, alipotoka nje na kandambili siku ya theluji ya kwanza.

"Samahani, jirani," Odessa alisema. Alitoka Arizona. "Hii inaisha lini?"

"Mwezi wa nne."

Odessa alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, na Renata, aliyekuwa na koleo mkononi, akajikuta amekaa naye. Tangu hapo kila asubuhi wanakunywa kahawa pamoja kwenye ngazi hizo, wamejifunika blanketi moja kama vifaranga.

Kwa hiyo boksi Renata alilijua. Odessa alikuja na madungusi yake ya jangwani, yale yenye miiba, akayasahau barazani usiku mmoja, yakafa yote kwa baridi. Aliyeambiwa ayatoe ni Kocha, na Kocha alikuwa na mafua. Na Mzee Brandt ana viwanda vya magodoro. Kila mtu wa timu akifikisha kumbukumbu ya ndoa, mzee humpelekea mto wa kulalia kwa mkono wake mwenyewe. Ndicho alichokuja kufanya. Alileta mto.

Renata alimweleza mama yake, ambaye alikuwa ameinama kwenye kikunio.

"Mama, lile boksi lilikuwa na mimea. Imekufa, Kocha alikuwa anakwenda kuitupa."

"Kwa hiyo kuna kitu kimekufa."

"Mama."

"Viazi nimeshavikuna, Renata. Nivifanye nini, nivirudishie maganda?"

"Ukipeleka atafukuzwa kweli. Hakuna kocha aliyeletewa trei akabaki."

"Hawabaki kwa sababu wamefukuzwa. Ndiyo maana tunapeleka. Nipe siagi."

Renata alimpa siagi. Aliona kabisa kwamba maneno hayo yana tundu mahali, lakini kila alipotaka kuweka kidole, tundu lilihama.

Jioni walitoka. Bi Gertie alikuwa mbele na koti lake jeusi la kanisani, wengine nyuma yake wawili wawili, trei zimefunikwa karatasi za kung'aa, mvuke unawapanda usoni. Renata alipita kwenye ua, akawahi mlango wa nyuma.

"Odessa, wakigonga usifungue."

"Kina nani?" Kengele ikalia, na Odessa, kwa kuwa kwao mtu akigonga hufunguliwa, akafungua.

"Pole sana, mwanangu," Bi Gertie alisema.

"Ahsante," Odessa alisema. Yeye alidhani ni mechi ya jana. "Tumeshazoea. Kila wiki ni hivi hivi."

Bi Gertie akawageukia wenzake. "Mnamwona? Amejikaza." Kisha akamrudia. "Na mumeo anaendeleaje?"

"Jana hakulala. Anakohoa tu."

"Inashukia kifuani," Lorraine alisema, akipita na trei yake kuelekea jikoni. "Hata Farnsworth ilimshukia kifuani."

"Farnsworth ni nani?"

Waliuliza oveni iko wapi. Odessa aliziangalia trei zikipangwa mezani, nyingine kwenye jiko, nyingine juu ya mashine ya kufulia, akamnong'oneza Renata kwamba watu wa huku wana upendo wa ajabu.

"Hivi ni viazi vya msiba," Renata alimnong'oneza na yeye.

"Nani amekufa?"

"Mume wako. Kikazi."

Hapo ndipo Kocha Purvis alipoingia, jitu la mabega mapana, leso imeganda puani. Alisimama mlangoni. Sasa, Odessa hakujua, lakini Kocha alijua. Hakuna kocha katika ligi nzima asiyezijua habari za viazi vya Port Kessel, na yuko mmoja kusini huko ambaye mpaka leo anaokea kuku kwenye trei ya Bi Gertie. Kocha aliziangalia trei moja moja, akakaa chini bila kuvua koti.

"Nani amewaambia?"

"Wewe hukuambiwa?" Bi Gertie aliuliza, na huruma yake ilikuwa ya kweli kabisa.

"Hapana."

"Ndivyo walivyo. Mwenyewe anakuwa wa mwisho."

Kocha alitoa simu. "Mzee," alisema, sauti imeziba. "Jana umeniletea mto, nikakushukuru. Ungesema tu, Mzee. Mimi ni mtu mzima." Akakata.

Mzee Brandt anakaa kilimani, si mbali. Alikuja na ndala za ndani, theluji imemjaa vidoleni.

"Nani amemfukuza kocha wangu?"

"Wewe," Bi Gertie alisema.

"Mimi nilileta mto."

"Gari lako nililiona."

"Gari langu lilileta mto, Gertie."

Renata, aliyekuwa ameegemea friji pembeni mwa Odessa, alianza kuvuta pumzi. Lakini mzee alikuwa ameshaziona trei. Alizizungukia na macho, meza, jiko, mpaka kwenye mashine ya kufulia, na hasira ikaanza kumtoka kidogo kidogo kama upepo kwenye godoro. Akavua kofia.

"Hizi zote?"

"Mtaa mzima, Mzee."

Akakaa. Lorraine hawezi kumwona mtu amekaa mbele ya chakula bila sahani, akampakulia. Mzee alikula tonge moja, akala la pili.

"Mjue," alisema, "Oakes sikuwa nimeamua kumfukuza. Nilikuja tuongee, sikumkuta. Kesho yake narudi, namkuta Lorraine hapo mlangoni na trei yake. Nikasema, kama mtaa umeshajua, mimi ni nani wa kubisha? Na Hooper hivyo hivyo."

Lorraine alishusha mwiko. "Mzee, siku ya Oakes tulipika kwa sababu Gertie aliliona gari lako."

"Gari langu lilikuwa linakuja kuongea."

"Siku ya Hooper pia lilikuwa gari."

"Pia nilikuja kuongea."

Wote wakamwangalia Bi Gertie. Bi Gertie alifunga kifungo cha juu cha koti lake. "Mimi nasema ninachokiona tu," alisema. "Kama watu hawataki kuonwa wasipite mtaa wetu."

"Na Carbone?"

Renata aliuliza, na sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba kuliko aliyoizoea. Mzee Brandt alimgeukia, akafikiri kwa uaminifu.

"Carbone. Alikuwa amepoteza mechi mbili tu, maskini. Nilinusa jibini tangu pale kona."

Odessa hakuelewa habari ya Carbone, lakini aliuona uso wa Renata, akamshika mkono wa sweta. Kocha alipiga chafya, akaomba radhi. Bi Gertie alijisogeza karibu na meza.

"Sasa lakini tumeshapika, Mzee," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa jambo lenye maana. Alimwangalia Kocha. Akaiangalia sahani.

"Ni kweli," alisema. "Mmeshapika."

Renata aliondoka kwenye friji. Alikwenda akasimama upande wa pili wa meza, mbele ya mzee, trei ya mama yake katikati yao.

"Mzee, mwache Kocha," alisema. "Viazi vyenyewe ndivyo hivyo unavila wewe, yeye hajavigusa. Mwache amalize msimu. Mwache hata mpaka theluji iishe."

Mzee Brandt alikuwa amejaza kinywa. Aliinua kidole kimoja, kumwomba angoje ameze. Wakangoja. Kocha aliondoa leso puani. Odessa alikuwa amefumba macho. Mzee alitafuna mpaka mwisho, akameza, akajifuta, halafu akauelekeza uma wake kwenye kona ya trei ya Lorraine.

"Hapo pembeni," alisema, akanyoosha sahani. "Palipoungua kidogo."

Lorraine alikuwa na mwiko mkononi. Alimwangalia binti yake, akamwangalia mzee, na hakupakua, akingoja jibu, na sahani ikabaki pale hewani.