Kichuguu Namba Tisa

Kaburi la mzee Qamara liliondolewa Jumatano ya pili ya Februari, mwaka 1984, kati ya saa nne na saa nne na robo asubuhi. Muda huo unajulikana kwa sababu ndio uleule taa ya tangi la samaki ilipozimika ofisini kwa meneja wa shamba la ngano, na karani akauandika katika kitabu cha hitilafu.

Yoakimu, dereva wa trekta, alisema baadaye kwamba aliona tuta la udongo lililozidi kimo cha mtu, na juu yake mafungu ya nyasi. Watoto wa Qamara na majirani walilijenga kwa miezi tisa, wakilipandisha kidogo kila mwezi na kulimwagia pombe ya asali, kama Wabarabaig wanavyomfanyia mzee mwenye heshima. Aliyepita karibu aliweka nyasi kidogo na kuendelea na safari. Wapima ardhi walitoka mbali. Hawakuona saruji wala msalaba, wakaandika kwenye ramani kwamba ni kichuguu. Vichuguu vilikuwa kumi na vinne na hicho kilikuwa cha tisa. Yoakimu alivisawazisha vyote kabla ya chakula cha mchana. Alipotoka kwenye cha tisa jembe lilinuka pombe ya asali, naye akaliosha, maana kanuni za shamba zilikataza pombe kazini.

Tangi lenyewe liliachwa na mtaalamu wa kigeni aliyemaliza mkataba. Samaki wake wekundu walikufa wiki aliyoondoka, wakawekwa perege watatu kutoka ziwa Basotu. Jumamosi wangekuja wageni kutoka wizarani, na meneja, Bwana Selemani, alitaka wakute taa inawaka.

Kazi alipewa Xavery, fundi umeme kutoka Maretadu, mtu wa miaka thelathini asiyependa kubahatisha. Alhamisi asubuhi alianza na soketi, na testa ikaonyesha kwamba umeme upo. Alifungua plagi, fyuzi ilikuwa nzima. Alisugua kutu kwenye holda kwa msasa, kwa sababu mvuke wa maji hula shaba. Alibadilisha stata. Alichomoa tyubu ya chumba cha karani akaijaribu. Alipima choki, ikawa sawa. Kisha aliweka taa nzima juu ya meza, ikawaka. Akairudisha juu ya tangi, ikazimika. Alifanya hivyo mara nne. Karani alisema labda samaki ndio hawaitaki, basi samaki wakahamishiwa kwenye ndoo. Taa haikuwaka.

Wakati huo Fransiska, binti mkubwa wa Qamara, alikuwa mlangoni. Alitoka Gehandu kwa miguu na kibuyu cha maziwa na kitita cha nyasi mbichi, kama alivyofanya kila mwezi kwa miaka kumi na mmoja. Safari hii alikuta shamba limenyooka hadi macho yanapoishia. Alitembea humo saa mbili asijue asimame wapi, ndipo akaja ofisini.

"Shikamoo mama," Xavery alisema akiwa juu ya kiti, bisibisi mdomoni.

Aliitikia marahaba, akakaa kwenye benchi, akamwambia meneja shida yake. Anataka kujua baba yake yuko wapi. Jumatatu mashine za kupandia zitaingia, na ngano ikishaota hata mwenyewe Qamara hatapaona.

Bwana Selemani alikulia Katesh, dukani kwa baba yake. Tuta la namna ile alilijua tangu utotoni. Lakini ramani ilikuwa na muhuri. Aliikunjua mezani kwa adabu.

"Mama, hapa hakuna kaburi. Kuna kichuguu namba tisa."

"Kichuguu hicho kina watoto saba," Fransiska alisema. "Mimi ndiye wa kwanza."

Meneja alieleza kwamba hata hicho kichuguu hakiwezi kuonyeshwa tena, kwa sababu alama za wapima ardhi zimelimwa pamoja nacho. Fransiska akashukuru, na hakuondoka.

Xavery aliamua kuipeleka taa karakana. Alichomoa plagi, akaibeba begani kama jembe, waya ukiburuzika nyuma yake. Alipovuka kizingiti ikawaka. Alisimama kidogo, akaitazama, akageukia karakana. Ikafifia. Akageukia shambani, ikawaka vizuri. Karani aliuliza kama hiyo inakula dizeli ya jenereta. Xavery akasema haili. Meneja akataka hilo liandikwe.

"Mama, tufuatane," Xavery alisema. "Hii inajua njia."

Walitembea karibu saa nzima juu ya udongo uliolimwa. Wakienda kombo taa ilimeta kama yenye stata mbovu, naye Xavery alirekebisha hatua. Hawakuzungumza sana. Xavery alimuuliza Fransiska baba yake alikuwa mtu wa namna gani, akaambiwa alikuwa mbishi, na kwamba aliwahi kukaa siku mbili njiani akimsubiri mtu aliyekataa kumsalimia. Mahali pamoja, pasipotofautiana na pengine popote, taa iliwaka kwa nguvu mpaka Xavery akaitazama kwa jicho la pembeni, mchana kweupe. Aliiweka chini. Fransiska alipiga magoti, akapanga nyasi, akamimina maziwa, akamwambia baba yake habari za nyumbani: ndama wawili, na Konsolata amejifungua salama.

Bwana Selemani alifika na Landrova. Fransiska alimwomba paachwe hapo, hatua sita kwa sita. Mengine walime.

Meneja alisema angependa. Ila mashine ya kupandia ina upana wa futi ishirini na nane na haikuundwa kukwepa, na kichuguu kikishasawazishwa hakirudishwi bila kikao. Kikao kingekaa Juni. Kisha akarudi kwenye lililomleta, akamuuliza fundi taa ina kosa gani.

"Taa haina kosa," Xavery alisema. "Imekuja kwa mwenyewe."

Meneja alifikiri. Alikuwa mtu wa kutafuta suluhisho. Alisema kama taa inataka udongo huu, basi udongo upelekwe tangini, na kila mmoja atakuwa amepata chake. Fransiska aliangalia shamba, akaangalia mashine za kupandia zilizopangwa ukingoni, mpya, zikiwa zimeshapakwa grisi. Akaomba ndoo. Hakukubali mtu mwingine aguse. Alichota kwa mikono, taratibu, kama anayemsaidia mgonjwa kuhama kitanda.

Ofisini udongo ulimwagwa ndani ya tangi, maji yakachafuka, yakatulia. Perege walirudishwa. Taa iliwekwa juu, ikawaka. Mzee Qamara alikuwa amekaa chini kwenye kigoda chake, urefu wa kidole, shuka begani, akiwatazama samaki kama mtu anayekagua ng'ombe wa jirani. Xavery alijaza fomu ya matengenezo. Penye hitilafu aliandika hakuna. Penye vifaa vilivyotumika aliandika ndoo moja ya udongo.

Jumamosi wageni waliisifu taa. Mmoja wao aliinama akauliza mzee huyo ni nani. Bwana Selemani alijibu kwamba ni mkazi wa zamani wa eneo hili, na kwamba uhusiano wa shamba na wenyeji ni mzuri. Mgeni akaandika.

Jumatatu mashine zilipita. Ngano iliota mahali pale sawa na kwingine, ikavunwa Julai pamoja na nyingine, ikapelekwa kwenye maghala. Kikao cha Juni hakikufanyika kwa sababu idadi ya wajumbe haikutimia.

Fransiska bado anakuja na nyasi zake. Huziacha getini, kwa kuwa haziruhusiwi ndani, na maziwa humimina kijiko kimoja tu ili samaki wasife. Anaruhusiwa kukaa robo saa, siku za kazi, meneja asipokuwa na mgeni. Jumamosi ofisi hufungwa saa sita, na Jumapili haifunguliwi.