Swali Nililoliruka

Mwalimu Letuka alinifundisha hesabu darasa la sita, huko milimani Mokhotlong. Kwa hiyo siku alipoletwa kwangu zahanati, mshauri nilikuwa mimi, lakini aliyeinamisha macho ni mimi pia.

Mkewe alikuwa amefariki, naye hali wala halali. Nikamsomea maswali ya fomu: usingizi, chakula, leo tarehe ngapi. Tarehe nikaikosea mwenyewe.

"Limpho, hadi leo kalenda inakushinda?" Tukacheka.

Swali la tisa liliuliza kama amewahi kufikiria kujiua. Ulimi ukawa mzito. Nimuulize hivyo Mwalimu? Nikasema, "Lakini uko sawa, Mwalimu, si ndiyo?"

Akaitazama kofia yake. "Niko sawa, mwanangu."

Nikaandika HAPANA.

Siku ya tatu mpwa wake alimleta juu ya farasi, hajitambui. Alikuwa amekunywa dawa ya kuogeshea kondoo. Tulihangaika naye hadi jioni, akapona.

Nesi mkuu, Mme Puleng, yaani Mama Puleng, akafungua faili. "Hii hapana aliisema yeye?"

Ningeweza kudanganya. "Sikumuuliza," nikasema, uso ukiniwaka.

"Ulimwogopa?"

"Nilimheshimu."

"Heshima gani ya kumwachia mtu mzigo wake? Nenda kamuulize."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mwalimu, nisamehe. Kuna swali nililoliruka."

"Nilijua. Uliishiwa maneno ghafla."

"Bado unafikiria kujiua?"

Akavuta blanketi hadi kifuani. "Asubuhi, ndiyo. Watu wakija, inapungua."

"Dawa imebaki nyumbani?"

"Kopo moja. Nyuma ya magunia ya mahindi."

Mpwa wake akaenda kuliondoa siku hiyohiyo. Nikamuuliza Mwalimu nani atalala nyumbani kwake, na asubuhi zikiwa mbaya atamwita nani. Akamtaja dada yake, kisha, baada ya kusita, akanitaja mimi. Nikageukia ukuta nikajifanya natafuta kalamu.

Sasa huja kila Alhamisi, nami humuuliza waziwazi. Wiki nyingine husema ndiyo, nasi hukaa hadi dada yake aje kumchukua.

Kijijini wanasema nilimwokoa Mwalimu. Juzi mama mmoja alinishika mikono sokoni, akanishukuru mbele ya watu. Nilimwambia nina haraka, nikaondoka bila kununua kitu.