Viatu Vilivyopiga Kura Harrow

Jumapili ya pili ya Aprili 2002, saa nane mchana, Mardhiya alitandika jamvi sebuleni kwake Harrow, akachemsha chai ya maziwa, akawaambia wageni wavue viatu. Wageni walikuwa sita, na pamoja naye ndio Jumuiya nzima: Waafrika Mashariki wapenzi wa jinsia moja, Harrow na mitaa ya jirani. Siku hiyo walikuwa waamue kama watamuunga mkono Ann, diwani aliyekuwa akitetea kiti chake.

Jumuiya ilipiga kura kwa viatu. Anayemtaka mgombea aliweka jozi yake upande wa dirisha, asiyemtaka upande wa jiko, na Mardhiya, katibu, akahesabu. Karatasi walishaacha. Mwaka 1998 orodha ya majina ilisahauliwa kwenye basi, ikamfikia Muhiddin, kaka yake Mardhiya, naye akaisoma kwenye shughuli ya harusi mbele ya watu mia mbili bila kuruka hata jina moja, la dada yake likiwemo. Sauti nzuri ile angeadhinia tu msikitini, lakini haya. Tangu hapo walikuwa hawasemeshani.

Aliyemhitaji Ann kuliko wote alikuwa Njoroge, aliyekuwa akitunza wazee majumbani mwao. Rufaa yake ya kuomba hifadhi ilikataliwa. Aliambiwa arudi Thika, ataishi salama mradi asijionyeshe. Alibakiwa na wiki mbili kabla ya kurudishwa. Wakili alisema barua ya diwani huenda ikamwokoa, na Ann alisema ataiandika iwapo Jumuiya itamuunga mkono. Njoroge aliweka raba zake nyeupe dirishani kabla hajapewa chai.

Saa nane na nusu mlango ulisukumwa, viatu vikaingia, jozi moja moja, bila watu ndani yake. Vilikuwa vimelowa kwa sababu nje kulikuwa na mvua. Vilijifuta kwenye kizulia, vikaenda kujipanga dirishani.

"Fungeni mlango jamani, baridi," alisema Mardhiya.

"Bado," alijibu Njoroge. "Kuna foleni."

Mansukh, aliyeuza viatu Nairobi miaka ishirini, alipiga magoti akavikagua. Makubadhi ya mzee wa Kipemba. Viatu vyeupe vya nesi. Vya mzee wa kanisa, vimepigwa rangi mpaka unajiona. Kisha akanyanyua jozi nyeusi, namba tisa, kisigino cha kushoto kimelika upande.

"Hivyo vya kaka," alisema Mardhiya, akavichukua na kuvirudisha dirishani.

Hapo mkutano ukavurugika. Wanachama saba, viatu jozi arubaini na moja. Mmoja alisema wenyewe hawapo, kwa hiyo hazihesabiki. Mansukh alisema katiba inataja jozi, miguu haikutajwa. Na wenyewe waliwahi kuwepo lini? Mwishowe Mardhiya aliandika: ndiyo arubaini na moja, hapana hakuna.

Ann alifika saa tisa, akavua viatu, akavitazama vya wenzake. Alipendezwa.

"Sikujua mko wengi hivi," alisema.

Kisha akaomba majina ya watu thelathini, anwani na saini zao. Kwa watu saba, alieleza, hawezi kuwaudhi wapiga kura wengine. Mansukh alimwonyesha tena viatu. Ann alisema ameviona, ni vizuri sana, lakini viatu haviweki saini. Viatu vikasikia, vikatoka kwa foleni.

Mardhiya alivifuata vya kaka yake mitaa mitatu. Muhiddin alikuwa mtu wa kusikilizwa. Akisaini yeye, wengine wangefuata. Alifungua mlango akiwa na soksi. Viatu vikampita, vikakaa mahali pake.

"Vimelowa, kaka."

"Nimeviona."

"Weka saini. Kijana wa watu anarudishwa."

Muhiddin alichukua kalamu, akaishika kitambo. Watoto wakauliza kutoka ndani, kwa Kiingereza, kuna nani mlangoni.

"Hakuna mtu," aliwajibu, akairudisha kalamu. Machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyafuta. Mardhiya hakujua amchukie au amkumbatie, kwa hiyo alimwambia ajaze magazeti ndani ya viatu vikauke.

Majina yalibaki saba. Barua haikuandikwa. Njoroge alipandishwa ndege na raba zake siku mbili kabla ya uchaguzi, na Ann akashinda.

Aprili 2006 Jumuiya ilikutana kwenye jamvi lile lile, watu sita. Mlango waliuacha wazi makusudi. Viatu vikaja. Jozi ya mwisho ilichelewa sana: raba zilizokuwa nyeupe, sasa nyekundu kwa udongo wa Thika, soli zimeisha. Mansukh alizigeuza akasema hizi zimekuja kwa mguu. Mardhiya alizipangusa kwa kitambaa kibichi, taratibu, akaziuliza upande gani. Zilisimama katikati ya chumba muda mrefu, dirisha huku, jiko huku. Kisha zikaenda dirishani, zikakaa kando ya viatu vyeusi namba tisa, na jumla ikawa arubaini na moja.

Ann alifika saa tisa. Alihesabu mwenyewe, akapendezwa, akauliza kama mwaka huu kuna majina.