Lipu ya Kaburi la Padri Mzee

Mahujaji usicheze nao. Kaburi la Padri Mzee, yule mmisionari aliyezikwa nyuma ya kanisa kabla bibi zetu hawajaolewa, wanalikwangua ukuta wake kwa kucha, kwa vijiko, kwa funguo za nyumba. Unga wake wanautia kwenye maji, wanakunywa. Mwenye pumu anakunywa, mwenye kesi anakunywa, aliyekimbiwa na mume anakunywa. Na ukuta hauishi! Watu wakasema huo nao ni muujiza.

Haukuisha kwa sababu ya Fundi. Kila mahujaji wakishaondoka, mtunza kanisa alimwita, wakafunga lango, na Fundi akapiga lipu upya: simenti, chokaa, mchanga uliochekechwa, na majivu kidogo ili rangi ifanane na ya zamani. Alikuwa ameapishwa asimwambie mtu, hata mkewe.

"Hatumdanganyi mtu," mtunza kanisa alizoea kusema. "Tunakarabati tu."

Fundi aliona sawa. Kazi ni kazi.

Kisha mkewe akaota uvimbe tumboni. Daktari alisema ukitolewa mapema atapona, ukiachwa utammaliza, akapanga na siku ya upasuaji. Mwanamke yule, mtu wa kukuvunja mbavu hata msibani, alikataa katakata. Mama yake mzazi aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake akatoka amefunikwa shuka, na tangu hapo akiona koti jeupe anageuza njia. Akajiunga na mahujaji. Alirudi na unga wa ukuta ndani ya leso, akaukoroga kwenye kikombe mbele ya mumewe, akaunywa wote huku amekunja uso.

Na Fundi akanyamaza! Mtu mzima, na akili zake, akakaa kimya eti kiapo. Mke akazidi kukonda, tumbo likazidi kujaa, na Fundi usiku anageukia ukutani anajifanya amelala.

Siku ya hija kubwa uzalendo ulimshinda. Alipenya katikati ya watu, akamkuta mkewe amepiga magoti kaburini, kijiko mkononi, anakwangua.

"Mama watoto, acha. Hiyo lipu ni yangu."

"Yako vipi?"

"Nimeipiga mimi. Juzi hapa, na kabla ya hapo, na kabla ya hapo tena. Hiyo ni chokaa ya dukani. Lipu ya zamani ilishaisha, hata mimi sikuikuta. Twende hospitali, mke wangu. Nakuomba mbele ya watu wote hawa."

Nyimbo zilikatika. Mtunza kanisa aliinama akajifanya anawasha mshumaa. Fundi alingoja kilio, au kibao cha uso, na kibao angekipokea kwa mikono miwili.

Mkewe alikiweka kijiko chini. Akamshika mkono, akavitazama vile vidole vilivyopasukapasuka kwa chokaa, uso ukamng'aa.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Kumbe Padri alikuchagua wewe! Nalala na dawa yangu kitanda kimoja, halafu nahangaika njiani na miguu imevimba!"

"Sivyo! Sikiliza basi, ni simenti!"

"Na Padri naye alibatizia maji ya mtoni. Yalikuwa maji tu yale?"

"Amina," sauti ikaitikia nyuma yao. Mtu akamgusa Fundi mgongoni. Mama mmoja akakinyakua kiganja chake cha pili, akakibandika kwenye kichwa cha mwanawe mgonjwa. Fundi alivuta mkono, alipiga kelele, alitukana. Walizidi kumsogelea.

Siku ya upasuaji ilipita. Mke hakwenda tena hija. Hakuwa na haja nayo, na baadaye hakuwa na nguvu pia. Fundi alimleta daktari nyumbani kwa kumbembeleza. Daktari alimpapasa mgonjwa, akamvuta Fundi uani, akamwambia kwamba sasa hata kisu hakina msaada.

Aliporudi chumbani, mkewe alifunua tumbo, akauchukua mkono wake na kuuweka juu ya uvimbe. Ulikuwa mgumu na mkubwa, umejaa kiganja chote na kupita.

"Unapungua, eh?" aliuliza, amefumba macho.

"Unapungua," Fundi akamjibu.