Golikipa wa Ndiva

Ukungu ulipoteremka kutoka msituni jioni ile, ulianza kwa kulimeza goli la juu, kisha wachezaji, kisha mpira wenyewe, hata watoto wakawa wanakimbilia kitu ambacho hakuna aliyekiona. Tumainieli peke yake hakukimbia. Alikuwa golini upande wa chini, amesimama wima kama alivyofundishwa, mikono mbele, akisikiliza miguu ya wenzake ikija na kupotea. Ghafla mpira ukachomoza katika weupe ule, karibu mno na uso wake. Akafumba macho, na mpira ukapita.

Kwetu milimani, juu ya mbuga za Ndungu, ardhi iliyo sawa ni adimu. Mtu akipata kipande hujenga nyumba, akibakiwa na kingine hupanda migomba, na hakuna anayefikiria kuwaachia watoto. Ndiyo maana timu ya watoto wa shule ilichezea ndani ya ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji. Kila mwaka watu huitwa kwa baragumu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakubwa kwa wadogo, wakazoa tope na kuukandika ukuta kwa udongo mpya. Baadaye ndiva huachwa kavu kwa muda ili ukuta ushike. Muda huo ulikuwa wa watoto. Walipiga kelele mle ndani mpaka akina mama waliokuwa wakipalilia maharage wakajua wanao wako wapi bila kuuliza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kabla ya Mwalimu Melkizedeki. Vita vya Wazungu vilipokwisha alirudi kutoka Burma akiwa na viatu vya jeshi, filimbi shingoni, na imani kwamba mtoto hunyooka kwa kukaripiwa. Hakuwa mtu mbaya. Tungekuwa waongo kusema hivyo. Alikaa kibarazani akishona jezi za watoto kwa mikono yake mwenyewe, kwa vitambaa vya mifuko ya unga. Lakini akiingia uwanjani, huyu alimwita mbuzi, yule alimwita gunia, na aliyelia aliambiwa arudi kunyonya. Kelele alizipiga marufuku. "Mpira ni nidhamu," alisema. "Sauti ni yangu na ya filimbi yangu." Sisi wazazi tulisikia yote hayo tukanyamaza. Timu ya Suji ilikuwa inakuja, na tulitaka sana kuwafunga Suji.

"Umefumba macho," Melkizedeki alimwambia Tumainieli, akitokea ukunguni.

"Nilishtuka, mwalimu."

"Golikipa hashtuki. Utasimama hapo mpaka nikupulizie filimbi. Husogei, hulii, husemi. Umesikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

Aliwaruhusu wengine waende nyumbani, maana hapakuwa tena na cha kuchezwa. Alikusudia kumwacha yule mtoto kidogo tu, ajifunze. Mara sauti ikaita kutoka njia ya juu. Alikuwa Kaanaeli, mchuuzi wa chumvi na viberiti, aliyekuwa ametoka Same.

"Mwalimu! Mzigo wako nimeupata!"

Mzigo wenyewe ulikuwa mpira wa ngozi, wa kwanza kufika kijijini. Melkizedeki aliupeleka nyumbani kwake, akakaa nao karibu na moto, akautia upepo polepole na kuufunga kamba zake. Harufu ya ngozi mpya ikampeleka mbali. Aliona kambi yao kando ya mto usio na jina kwao, askari wakicheza pekupeku jua likizama, na rafiki yake aliyetoka Kileo akicheka kwa sauti kubwa. Miezi mingi alikuwa hajaisikia sauti ile. Kaanaeli alikunywa chai yake, akaaga, akaondoka, na mwalimu hakukumbuka baadaye kama alimjibu. Nje ukungu ulikuwa umeukalia mgomba wa mlangoni, na ndani ya nyumba ilikuwa kama dunia haina haraka na mtu yeyote.

"Hodi."

Alikuwa Lydia, mama yake Tumainieli, ambaye mumewe alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge.

"Karibu, mama Tumainieli. Karibu uone mpira wa watoto."

"Sikai, mwalimu. Namtafuta mwanangu. Wenzake nimewaona wakipita. Nimewauliza, wakatazamana tu."

Mpira ulimtoka mikononi. Lydia alimtazama usoni mara moja, akageuka akaanza kukimbia. Naye akamfuata, akiteleza na viatu vyake vya jeshi kwenye njia ambayo mwanamke yule aliishuka pekupeku bila kukosea jiwe.

Kabla ya kuona chochote walisikia maji.

Ilikuwa imetangazwa kanisani kwamba jioni ile maji yangerudishwa ndivani, watoto wakishamaliza kucheza. Mzee Eliaichi, mgawa maji wetu, alikuwa amekaa kule juu mferejini na jembe lake, akingoja. Kwa macho hakuona hatua tatu mbele. Basi akafanya kama alivyofanya miaka yote, akasikiliza. Hakusikia mtoto. Akaondoa udongo ulioziba mfereji, na maji yaliyokuwa yamezuiliwa siku nyingi yakaingia kwa nguvu, yakakimbilia upande wa chini.

Maji na ukungu vilikuwa vimeshika rangi moja. Katikati yake, baina ya miti miwili ya goli, kilionekana kichwa cha mtoto, kimetulia kana kwamba hakina mwili. Lydia alipiga kelele ambayo sisi wa ng'ambo ya bonde tuliisikia.

"Tumainieli!" Melkizedeki aliita.

"Nipo, mwalimu."

Mwalimu alijitosa na nguo zake. Maji yalikuwa yamemfika mtoto kifuani, na mikono yake bado ilikuwa mbele, imekakamaa kwa baridi. Alimbeba juu, akamkumbatia, meno ya mtoto yakigongana sikioni mwake.

"Kwa nini hukutoka? Mwanangu, kwa nini hukutoka?"

"Hujapuliza filimbi."

"Si ungeita! Ungepiga kelele!"

Mtoto alimtazama kwa wasiwasi, kama anayetegewa swali. "Ulikataza," alisema.

Ukutani walimkuta Mzee Eliaichi, ameshuka mbiombio baada ya kusikia kelele. "Nilisikiliza, mwalimu," alisema. "Watoto wakiwapo husikika. Nilisikiliza sana." Lydia alimvua mwanawe ile jezi, akamfunga kwa kanga yake, akamweka mgongoni.

"Ulitaka wasikie, mwalimu," alisema kabla ya kuondoka. "Wamesikia."

Tumainieli alishikwa na homa ya kifua. Melkizedeki hakulala vizuri siku zile. Kila alipofumba macho aliona weupe usio na mwisho, na ndani yake kichwa kimoja kikingoja. Wakati mwingine hakikuwa cha mtoto. Kilikuwa cha yule rafiki yake wa Kileo, aliyeachwa lindoni kwenye mvua kwa sababu aliyemweka alimsahau, na ambaye homa ilimmaliza akiwa bado anauliza kama zamu yake imekwisha. Kambini walikuwa wamemsifu kwa utii. Melkizedeki naye alikuwa amemsifu, tena mbele ya watu. Sasa aliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa na pa kukaa ndani ya nyumba ile ndogo.

Alipokwenda kumtazama mgonjwa, mtoto alisikia viatu vyake mlangoni. Akajikokota kutoka kitandani, akashika ukuta, akasimama wima.

"Lala, baba," Melkizedeki alisema. Akamgeukia Lydia. "Mama Tumainieli, naomba unisamehe."

"Mimi sikusimama majini," Lydia alijibu. Hakuwa na ukali; alikuwa anapoza uji. "Mwombe aliyesimama."

Basi mwalimu akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akamwomba radhi mtoto. Alisema yote: kwamba alimsahau, kwamba kumtukana mtoto si kumfundisha, kwamba kushtuka si kosa. Tumainieli alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo, mwalimu," alisema.

Ilikuwa ndiyo ile ile ya golini. Melkizedeki aliitambua, akatoka nje asijue aende wapi.

Mtoto alipopona, mazoezi yalianza tena kwenye uwanja wa shule, ulioinamia bondeni. Tuliwaruhusu wachache tu, na Lydia alikuja na wake akakaa chini ya paa la shule, mikono magotini. Mpira wa ngozi ulikuwa pale. Watoto waliutazama kwa uchu, lakini hakuna aliyeugusa.

"Leo tunajifunza jambo gumu," Melkizedeki aliwaambia. "Nikikuweka mahali, ukaona baridi, au umeumia, au unaogopa, unaondoka. Huniombi. Unaondoka tu, na ukitaka unapiga kelele."

Walitazama miguu yao. Jambo kama hilo hawakuwahi kulisikia kutoka kwa mtu mzima.

"Nani ataanza?"

Tumainieli alisogea mbele, pengine kwa sababu alidhani ameitwa. Mwalimu akamwonyesha mahali karibu na mti wa goli. "Simama hapa," alisema. Kisha akawaacha, akazunguka nyuma ya darasa, akaegemea ukuta.

Hakusikia kitu. Manyunyu yakaanza, mepesi, yasiyo na mlio. Alijiambia mtoto ataondoka sasa. Hakuondoka. Manyunyu yakawa mvua, na Melkizedeki akawaza kifua kile kilichopona juzi, akapiga hatua ili akamwite. Akasimama. Akimwita, mtoto atakuja kwa sababu ameitwa, na yote yatakuwa kama zamani. Asipomwita, atalowa. Hakuwahi katika maisha yake, hata kule vitani, kuogopa kama alivyoogopa nyuma ya ukuta ule. Chini ya paa, upande wa pili, Lydia naye alikuwa ameinuka, kanga mkononi, lakini naye hakuita. Watoto wengine walisogea ukutani mmoja mmoja, wakabaki wakimtazama mwenzao.

Mwalimu alifumba macho. Maji yalimtiririka shingoni.

Halafu akasikia hatua kwenye changarawe iliyolowa. Zilikuwa za polepole, zikasita penye kona, zikaendelea. Alipofumbua macho, Tumainieli alikuwa mbele yake, mvua ikimdondoka kwenye kope, mikono imelegea pembeni.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimeondoka."

Mtoto alimtazama, kisha akaitazama mvua, kisha akamtazama tena.

"Na wewe ondoka, mwalimu. Unalowa."