Ubatizo wa Hewa

Mchana kweupe, jua likiwaka madirishani, kitoto njiti cha Stamatia kiligeuka rangi ya majivu ndani ya kisanduku cha joto hospitalini. Mashine ya kupumulia iliendelea kusukuma hewa, lakini kengele ilipiga kelele na mapigo ya moyo yakaanza kuporomoka.

Sista Garifalia, muuguzi wa zamu, ndiye aliyekuwa karibu. Mikono yake ilikwenda yenyewe chini ya mgongo wa mtoto, naye akaiogopa. Asubuhi alikuwa amemwapia Stamatia, mwanamke wa Mani, kusini mwa Ugiriki, aliyekwisha kumzika mtoto wa kwanza bila ubatizo wala jina: "Nikiona anaondoka, nitamwinua." Kwao, mtoto anayekata roho kabla padri hajafika huinuliwa juu mara tatu kwa jina la Utatu na kupewa jina, hewa ikawa ndiyo maji yake ya ubatizo. Lakini huyu, ili umwinue, lazima kwanza umchomoe mrija unaompa pumzi.

"Sista, toa mikono!" Daktari Zisis aliingia mbio. "Nakujua wewe. Ukianza kuinua watoto, umeshawachimbia kaburi."

"Nimeapa, daktari."

"Utaapa tena kesho. Pafu limetoboka huyu. Hewa imevujia kifuani, inaukaba moyo. Upande gani sasa? Nikichoma penye pafu zima, tumemmaliza sisi wenyewe. Hatuna muda wa picha ya eksirei. Funga mapazia, shika tochi; gizani, penye hewa patawaka!"

Mapazia! Yalikuwa kwa dobi tangu Pasaka, na aliyeyapeleka alikuwa likizo, anaota jua. Garifalia alitukana tusi ambalo padri wake hajapata kulisikia, akavuta blanketi la kitanda cha jirani, akajifunika pamoja na daktari na kisanduku chote.

Gizani humo walisikia harufu ya jasho lao. Garifalia aliibana tochi ndogo kwenye ubavu wa kulia wa mtoto. Giza tupu. Akaihamishia kushoto, na kifua chote upande ule kikawaka chekundu kama taa.

"Kushoto," alinong'ona.

"Usitikisike."

Kengele ilizidi kulia. Bado angeweza kumwinua. Akifa sasa, atakufa bila jina, na ni mimi nitakayekwenda kumwambia mama yake. Alimkasirikia Mungu kwa kumpa mikono miwili tu. Hakuitikisa tochi.

Sindano iliingia kati ya mbavu. Daktari alivuta, na bomba likajaa hewa. Akaitoa, akavuta tena, na tena. Kisha kengele ikanyamaza. Garifalia alifunua blanketi kwa woga, akaona midomo inaanza kurudiwa na damu.

Stamatia alikuwa koridoni kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amesikia yote.

"Ulimwinua?"

"Hapana." Garifalia hakuweza kumtazama. "Mikono yangu ilikuwa chini yake, nikaitoa. Nimevunja kiapo, mama. Nisamehe."

"Kwa hiyo hana jina."

"Hana."

"Na anapumua?"

"Anapumua."

Stamatia aliangua kilio, akaung'ang'ania mkono wa Garifalia mpaka ukauma.

"Basi mwacheni," alisema. "Mwacheni akae hivyohivyo bila jina, mpaka awe na mapafu ya kumpigia padri kelele."